Rafu Yako Tuliyoitoa Uwani

Birmingham, Jumapili, mwezi wa tatu

Mama yangu,

Nimekaa sebuleni kwako, hapa Winson Green, nimeielekea rafu yako ya vitabu. Nimekuja kufungua madirisha, maana nyumba ikifungwa sana inafanya ukungu, nawe hukuipenda harufu ile. Nina jambo nimekuwa nikilikwepa. Mimea yako imekufa, Mama. Yote.

Siku ya msiba wako wanawake walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, hata wale wa Hockley uliokuwa ukishona nao mapazia. Sebule haikutosha. Mjomba Khamis, mdogo wako, akafanya kama inavyofanywa kwetu kukiwa na matanga: "Toeni kila kitu nje, tandikeni mikeka." Makochi yakatoka, meza ikatoka, na rafu yako pamoja na vyungu vyake vyote ikapelekwa uwani. Mjomba akaifunika kwa turubai, akafunga kamba pembe zote. Alifikiria mvua. Sote tulifikiria mvua tu. Hakuna aliyekumbuka kwamba ni Januari, na kwamba hapa baridi inaua bila hata tone la maji. Kulikuwa na kusoma, kupika, kupokea watu. Tulipofunua turubai baada ya hitima, majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mchicha uliosahauliwa jikoni.

Mjomba alisimama pale ameshika kamba.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulikuwa umestaafu, mikono imekosa kazi. Ukaona kwenye simu picha za nyumba za watu, rafu za vitabu zimejaa majani, mtindo wanaouita wa kibohemia. Ukanipigia simu unacheka: "Wazungu wameiona sebule ya mama yangu, wameipa jina!" Vikapu vya ukili, vitambaa vya rangi zisizofanana, majani kila upande, ukasema mbona ndivyo mlivyokaa Makunduchi siku zote. Ukakata kanga zako kuukuu ukavisha vyungu. Ukasuka nyavu za kamba za kuvining'iniza. Vitabu vingine ukavilaza, vingine ukavisimamisha, na ule mmea unaotambaa ukaupitisha katikati ya kamusi ya Baba na vitabu vyangu vya shule. Rafu ya juu kabisa uliuachia msahafu peke yake. Kila tawi lililojaribu kupanda huko ulilishusha taratibu kwa uzi, ukiliambia, "Huko si kwako, mwanangu, teremka."

Aisha wangu akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba bibi anaongea na majani. Ukamjibu, "Afadhali haya. Yananijibu Kiswahili."

Najuta sikukuuliza mengi. Upi ulipenda maji, upi ulipenda kuachwa. Nilidhani wewe upo, na ukiwepo wewe mimi sina haja ya kujua.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae kuandika. Jumapili iliyopita Mjomba alikuja na mfuko mkubwa, akauweka hapa kwenye zulia, akasema, "Haya hayafi." Maua ya plastiki, Mama. Majani ya plastiki yanayong'aa, mengine yamebandikwa matone ya umande wa uongo. Wewe uliyeyakataa hata kwenye harusi yangu, ukasema ua lisilokunywa maji linakukodolea macho tu.

Alipanda juu ya kiti na magoti yake yale mabovu, hakutaka nimsaidie. Akaomba picha ya rafu iliyomo kwenye simu yangu, akawa anaitazama na kupanga, anaitazama na kupanga, kila jani pale ulipoliweka wewe. Hata kule juu alikumbuka kuuacha msahafu peke yake. Alipomaliza akashuka, akajifuta jasho, akaniuliza, "Dada angependa?"

Nikasema angependa. Sikuweza vingine. Tangu siku tuliyofunua turubai halali vizuri. Kila tukikutana anaanza tena: laiti ningeipandisha ghorofani, laiti ningeuliza. Anasema wewe ulimlea, ukamleta nchi hii, na yeye amekuulia kazi ya mikono yako kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nimemwambia ni sisi sote. Hasikii. Lakini siku ile, alipokuwa juu ya kile kiti, alikuwa anapiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu uondoke.

Kwa hiyo leo nimechukua kitambaa, nimeyapangusa vumbi majani yale. Yanachukiza, Mama. Ni kweli yanakodoa macho. Mara mbili nimeshika moja nilivute nilitupe, nikaliacha.

Ninachokuahidi ni hiki. Baridi ikipungua nitamwomba twende sokoni, achague mmea mmoja ulio hai, auweke yeye kwa mkono wake. Akisema anaogopa, sitamsukuma. Plastiki itakaa hapo mpaka yeye mwenyewe aseme iondoke. Rafu ni yako, najua. Lakini wewe umekwishapumzika, na yeye bado.

Kwaheri, Mama. Mungu akuweke mahali penye kivuli. Na huko uliko, unikumbuke.

Mwanao,
Zuhura