Picha ya Mama Akicheka Matangani

Mpendwa Baba,

Ile picha ya Mama bado iko dirishani mwa studio yako hapa Kaloleni, na haitoki. Baba Mdogo alikuja kuniamuru niiondoe. Nilimpa kiti, nikampa chai, kisha nikamwambia hapana.

Unakumbuka ulivyonifundisha kazi miaka ya themanini, mbele ya pazia ulilolichora milima? "Kidevu juu. Usicheke. Picha ni heshima." Watu walikuja kutoka Nyalenda na suti za kuazima, wakasimama kama waliopigiliwa misumari. Lakini ukishapiga tu, mabega yalishuka, mke akamcheka mumewe, wakawa wao wenyewe. Hapo ndipo jicho langu lilipokwenda, kila mara. Nilipokuomba nipige hapo, ulisema, "Akinyi, utanimalizia filamu."

Siku tulipokuzika kule kijijini Pap Onditi niliwapanga watu nyuma ya jeneza vile ungetaka: watoto, wakwe, watu wa kanisa. Kisha nikasikia kicheko kutoka jikoni, nyuma ya nyumba. Mama alikuwa kati ya mawifi zake, akiwasimulia ulivyokuwa ukipiga picha ya arusi, ukarudi nyuma, ukarudi nyuma, hadi ukakalia sufuria ya uji. Machozi hayajakauka mashavuni, na anacheka mpaka ameshika mbavu.

"Wewe Akinyi, piga watu ya maana, bwana!" Baba Mdogo akaniita. "Huko jikoni iko nini?"

Nikapiga huko huko jikoni.

Sasa analalamika kwamba mjane hachekwi wala hacheki, kwamba watu watasema. Waseme mpaka wachoke! Wale wa kwenye mstari walikuwa wanaitazama kamera. Mama alikuwa anakutazama wewe. Nilipomwonyesha aliishika kwa muda mrefu, akasema, "Nyathina, mwanangu, hapa ni mimi kabisa," akaniagiza nimwoshee nakala nyingine ya kuweka ndani ya Biblia.

Najua, Baba, ungekuwepo ungeing'oa kwa mkono wako mwenyewe. Natamani sana uje uing'oe. Tangu uende, hakuna anayenigombeza kuhusu picha kwa kuzijua, wananigombeza tu. Njoo basi, uing'oe, tubishane mpaka chai ipoe.

Ukiondoka nitaibandika tena.

Binti yako mbishi