Chebet Hakuteleza

Johannesburg,
Mwezi wa tisa, 1997.

Baba yangu mpendwa,

Chamgei. Natumaini goti lako limepunguza malalamiko, na yule ng'ombe mwekundu ameacha kumpiga Mama teke. Mimi ni mzima, isipokuwa viatu, na hayo nitakueleza.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Umeandika: "Nimesikia kwa redio ati watu huko wanauawa kama kuku. Hiyo ni nchi ama ni msitu? Wacha hiyo kazi ya unesi urudi Sosiot. Hapa kuna amani." Nilicheka pale pale jikoni.

Sikatai, Baba. Huku wanaua. Mwezi jana vijana wawili walinionyesha bastola mchana kweupe, wakachukua viatu vyangu vyeupe vya kazi, nikaingia wodini na soksi. Hospitalini tunapokea watu wa visu na risasi tangu asubuhi, na Jumamosi ni balaa tupu. Ukitaka kushindanisha nchi kwa damu, ya huku ichukue kombe.

Lakini chini kabisa, pale karatasi ilipokuwa inaisha, ukaongeza: "Mdogo wako Chebet tumemrudisha kwa bwana yake. Wazee walikaa, tukakunywa chai, mambo yakaisha." Hapo niliacha kucheka.

Kabla sijafika huko chini, nilikuwa nimemsomea Nomsa, nesi mwenzangu ninayekaa naye, ile sehemu ya amani, nikijigamba kidogo. Yeye ndiye huandika kitabu cha majeruhi: jina, kidonda, nani amefanya. Akaniuliza, "Kwenu wanawake hawapigwi?" Nikamwambia wanapigwa, lakini si kama huku.

"Umejuaje? Nani anaandika?"

Nikarudia barua yako, nikasoma mpaka kule chini. Jibu nilikuwa nalo, na lilinichoma.

Unakumbuka Krismasi nilipokuja likizo, tukampeleka Chebet hospitali pale Kericho, mkono umevunjika mahali pawili. Daktari aliuliza imekuwaje. Chebet aliangalia sakafu. Wewe uliniangalia mimi. Nikasema, "Dada yangu ameteleza akichuna chai, kulikuwa na matope." Daktari akaandika hivyo hivyo. Baba, mvua haikuwa imenyesha wiki mbili! Mimi nesi mzima, nilimdanganya daktari juu ya mgonjwa, tena dada yangu wa tumbo moja, ili bwana yake asiaibike. Naona haya mpaka leo.

Kwa hiyo usinipimie nchi hizi mbili kwa redio. Majani anayochuna Chebet yanapimwa na kuandikwa kila siku pale kituoni, lakini mkono unaoyachuna uliandikwa uongo, na aliyeusema ni mimi. Ni wangapi wengine wameteleza hapo Belgut wakati wa kiangazi? Nchi yetu inaonekana safi kwa sababu watu kama mimi tunaipangusa.

Nimechoka kupangusa. Nimemwandikia yule daktari kwamba nilisema uongo, nikatia sahihi na majina yangu yote. Desemba nakuja, na si kukimbia majambazi. Nitafika kwa huyo mtu nimchukue Chebet, twende polisi tukaombe fomu ya P3, ile ya majeraha, tumrudie daktari aijaze kwa ukweli. Wazee wakitaka kuniita mkaidi waniite nikiwa hapo mbele yao, na chai yao sitakunywa. Ila ningefurahi sana, Baba, nikikuta umemtoa huko kabla yangu. Wewe ndiye uliyemrudisha. Nakupenda, na ndiyo maana sitakuogopa tena.

Msalimie Mama, mwambie Chebet akirudi nyumbani, ule mkono ausugue na maji ya moto, usigande. Msalimie Kogo, mama yako, aniwekee maziwa ya mursik mapema. Msalimie mjomba mwalimu, ambaye najua ndiye anakuandikia barua zako na anakusomea hii. Mjomba, usiruke mstari. Nomsa anawasalimu wote.

Shemeji, bwana ya Chebet, usimsalimie. Mwambie tu kwamba Chebet hakuteleza.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Chepkoech