Kamera ya Kuona Karibu

6 Februari

Binti yangu kitinda mimba,

Hujambo huko? Kifua kimepona? Sisi hatujambo, ila mama yako anagombana na paa linalovuja, na paa linashinda.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu masikio ya mama yako hayana likizo. Nataka kamera ndogo ya dijitali, ya kutia mfukoni. Wewe ndiye unayeziuza, utajua ipi ina bei nafuu. Si ya harusi wala ya sura za watu. Macho yamechoka, mwanangu. Skrubu za saa zimekuwa vumbi, hata nikibana lenzi jichoni naona ukungu. Juzi mteja alisahau kamera yake mezani kwangu. Nikapiga picha tumbo la saa, nikaikuza kwenye kile kioo cha nyuma, nikaona meno ya magurudumu moja moja. Nusura nilie.

Nitafutie inayoona kitu kilicho karibu sana, upana wa kidole. Miaka thelathini na minane nimekaa kwenye meza ile nikitengeneza saa. Nikiondoka pale mimi ni nani tena? Na mama yako asijue, nakuomba sana.

Ni mimi,
Baba yako

20 Februari

Baba, shikamoo.

Kifua kimepona. Ningempa mama pole ya paa, ila kwake si barua hii haipo?

Nilipanga kamera tatu kwenye kaunta. Ya kwanza nyembamba, maridadi, inavuta mlima mpaka mlangoni, lakini saa ikisogea karibu inaonekana uji mtupu. Ya pili ina megapikseli nyingi kuliko akili za meneja wangu, na kioo chake ni kama stempu. Ya tatu ni nene, toleo la zamani, imekaa dirishani mpaka wakaipunguza bei. Hiyo ukibonyeza kitufe chenye picha ya ua inaona kitu kilicho umbali wa sentimita moja. Nimeijaribu kwa saa yangu. Kioo kikubwa, betri za kawaida za dukani. Nimechukua hiyo.

Lakini nenda kwa daktari wa macho, baba. Kama unaona maduara ya rangi kuzunguka taa, usingoje. Mama sitamwambia.

Mwanao

15 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, paa nalo limesalimu amri.

Kamera imefika! Naiegemeza juu ya vitabu viwili, napiga, natazama, nashika kibanio, napiga tena. Ni kazi ya kobe, ila mkono bado unajua njia. Jana nimefufua saa ya mwalimu mkuu iliyowashinda mafundi watatu. Wateja wanadhani naweka kumbukumbu, mmoja kaniita fundi wa kisasa.

Kwa daktari nitakwenda kazi zikipungua. Hayo maduara yapo, tena yanapendeza. Usinitie hofu wakati mambo yamenyooka.

Baba yako mwenye furaha

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Nenda kesho, tafadhali. Nimemuuliza mteja wetu ambaye ni daktari, anasema huenda ni presha ya macho. Inakula polepole, na ikishakula hairudishi. Mara mbili nimeshika simu nimwambie mama, nikakumbuka nilivyokuahidi.

Nijibu upesi.

Mwanao

28 Mei

Baba, mbona kimya? Ulikwenda?

Mwanao

19 Agosti

Binti yangu,

Hujambo? Usishangae mwandiko, mimi nasema na mama yako anaandika.

Sikukujibu Aprili wala Mei kwa sababu sikuwa nimekwenda, na kukudanganya sikutaka. Kazi ilikuwa tamu. Ukungu ulipoongezeka niliikuza picha zaidi. Mwezi uliopita niliikuza mpaka mwisho, sikuona kitu. Nikadhani betri zimekwisha. Nikabadilisha mara mbili.

Ni presha ya macho, kama ulivyonionya. Daktari anasema ningekwenda Machi, matone yangeokoa yaliyobaki. Sasa jicho la kulia limezima, na la kushoto linajua tu kuwa kumekucha. Meza nimemwachia fundi redio wa jirani.

Usijilaumu hata kidogo. Kamera ulinichagulia vizuri.

Baba yako

Mwanangu, sasa ni mimi. Hayo ya juu nimeyaandika kama alivyoyasema. Nilifika kwenye neno Aprili ndipo nikamuuliza, akaniambia yote. Mimi nilidhani imetupata ghafla sote watatu. Miezi yote hiyo nilikuwa nampikia chai na kumwambia ameanza uzembe, anagonga milango.

Anataka nimsomee barua kabla sijaifunga. Nitaishia pale alipotia sahihi.

Ungeniambia, ningemshika mkono siku ileile. Angenuna, lakini angekwenda. Usipige simu kwanza.

Mama yako