Ng'ombe wa Simbeye na Mashua ya Kambi

Kambi ya Nzige, chini ya Kamsamba,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi binti yako ni mzima, Rehema ni mzima, na mkweo Lazaro ni mzima ila mikono imemchubuka. Nayataja haya kwanza kabisa kwa sababu najua habari za upepo wa huku zimekwisha kupanda mlima, na najua zinavyopanda. Zikiondoka hapa ni upepo, zikifika Vwawa ni watu wamekufa, zikifika mlangoni kwako Ihanda ni mimi niliyekufa. Sikufa, Mama. Nakaa, nakula, na leo nimefua.

Na wewe je? Mguu umepoa, au bado unakusumbua asubuhi kabla jua halijatoka? Kahawa imeshika maua vizuri mwaka huu? Nimesikia kwamba mke wa kaka amejifungua mtoto wa kike, lakini aliyeleta habari hakujua jina. Mwanamume gani anabeba habari ya mtoto na kuacha jina njiani!

Sasa nikueleze mambo yalivyokuwa, usije ukayapokea kwa watu.

Unajua kwamba Lazaro ndiye dereva wa kambi hii ya kuzuia nzige, wa lori na wa mashua pia. Mashua yenyewe ni ya mbao, ndefu, imepakwa rangi ya majani, na haikai majini siku zote. Ina tela lake la magurudumu mawili. Lori linalivuta mpaka ukingoni mwa Rukwa, mashua inateremshwa, watu wanakwenda kutazama nzige kwenye nyasi za ng'ambo, wakirudi inapandishwa tena. Wiki ile injini yake iliharibika. Lazaro akaifungua, akaipakia kwenye lori, akaenda nayo Tunduma kutafuta fundi na petroli. Bwana mkubwa wa kambi na wapagazi wake walikuwa porini kwa miguu. Kwa hiyo mashua ilibaki ufukweni juu ya tela lake, chini ya mgunga mkubwa, na kambini tukabaki wanawake na mtoto mmoja mmoja mgongoni.

Asubuhi ya siku ya upepo jirani yangu, Nachela, alikuja mlangoni kwangu bila kubisha hodi. Yeye ni mjane, anakausha samaki, na kazi hiyo inamweka ziwani tangu alfajiri. Akaniambia, "Mama Rehema, toka nje uone. Maji yameondoka."

Nikadhani ni mzaha. Nikatoka. Kweli, Mama, maji yalikuwa yamerudi nyuma, tope liko wazi pale tunapofulia kila siku, na samaki wadogo wanarukaruka. Mwari, wale ndege weupe wenye mifuko shingoni, hakuwapo hata mmoja. Hewa ilikuwa imesimama. Ng'ambo ya ziwa, chini ya mbingu, palikuwa peusi kama sehemu ya chungu inayokaa motoni.

Nachela akasema, "Hivi ilikuwa mwaka ule uliomchukua mume wangu. Asubuhi maji yanavutwa upande wa pili, jioni upepo unageuka unayarudisha yote mara moja. Mitumbwi sisi tutaiacha, haibebeki leo. Lakini hiyo mashua yenu ikikaa hapo mtaikuta Kamsamba, vipande vipande."

Nilitazama mashua. Nikatazama nyumba yangu ya nyasi juu kule karibu na stoo. Wazo la kwanza lilikuwa nyumba, sitakuficha. Vitu vyangu vyote vimo mle, na blanketi ulilonipa. Lakini nikajua kwamba nyumba nitaifunga kwa mikono yangu mwenyewe, mashua siwezi. Tela lile wanaume wanne hawalisogezi mchangani. Linataka lori.

Nachela akasema, "Au ng'ombe."

Mwenye ng'ombe wa kulima hapa karibu ni mmoja tu, Mzee Simbeye. Ni Mnamwanga, mtu mrefu, hana maneno mengi. Nilimkuta anakaza fito za zizi lake, kwa kuwa naye alikwisha kuliona lile wingu jeusi. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikamweleza.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Ng'ombe wangu wanavuta jembe. Hawajavuta kitu chenye magurudumu. Kikiwafuata nyuma kwa mlio watashtuka, watavunjana shingo. Na kambi si yangu."

"Kambi si yako, baba, wala si yangu," nikamjibu. "Lakini mama yetu Nakamba yuko wapi leo?"

Hapo akaiweka fito chini. Nakamba ni mkewe. Mpunga wao umekaribia kukomaa, na yeye na watoto walikuwa wamelala huko mashambani ng'ambo ya kijito kinachoingia Momba, kwenye dungu lao, kile kibanda cha juu ya nguzo, wakifukuza ndege. Ni mbali, na njia inapita bondeni.

Nikamwambia, "Mto Momba ukijaa, nani atakwenda kuwachukua? Mitumbwi Nachela amekwisha kuiaga. Hakuna kingine kinachoelea isipokuwa ile mashua."

"Nitakwenda kuwachukua sasa hivi kwa miguu."

"Wingu litakukuta bondeni, nao watakuwa wametoka kwenye dungu kukufuata. Wote mtakuwa chini."

Akaitazama mbingu. Halafu akaenda kuchukua nira. Hakuniambia ndiyo.

Mama, ungewaona wale ng'ombe! Mmoja mwekundu, jina lake Shaba, na mwenzake mwenye mabaka. Tulipofunga mnyororo wa jembe kwenye tela na Simbeye akapiga mluzi, magurudumu yakalia, na yule mwenye mabaka akataka kukimbia. Shaba akakaza shingo akasimama, basi mwenzake naye akatulia. Simbeye alitembea mbele yao kinyumenyume, anawaimbia kwa Kinamwanga kwa sauti ndogo, kama unavyombembeleza mtoto anayeota meno. Sisi tulisukuma nyuma, na pale mchanga ulipomeza magurudumu tulitandika mikeka ya Nachela ya kuanikia samaki. Mikeka ilikwisha kabisa. Tulifika juu, nyuma ya stoo ya mawe, upepo wa kwanza ukiwa umeanza kuvuma.

Simbeye akarudisha ng'ombe zizini haraka. Kazi iliyobaki ilikuwa yetu. Lazaro alikuwa ameniambia zamani, akijisifu tu kama wanaume wanavyojisifu kwa kazi zao, kwamba mashua tupu ni kama jani, mashua yenye maji ni kama jiwe. Basi niliikumbuka habari hiyo. Juu pale ardhi ni ngumu, tukaigeuza ielekeze uso ziwani, tukakandamiza kizibo chake, tukaanza kuijaza maji kwa ndoo na vibuyu, tukipokezana kutoka kisimani. Pumzi ya magurudumu nikaitoa kwa msumari, tela likakaa chini kwa tumbo. Halafu tukapigilia mambo za chuma, vile vigingi vya mahema, pande zote, tukafunga kamba za katani kupita juu, tukazikaza kwa vijiti mpaka zikalia tukizigusa. Makasia na pondo, yaani ule mti mrefu wa kusukumia mashua, tukaviingiza stoo.

Ndipo nikakumbuka nyumba. Nilizima moto kwa maji mpaka mafiga yakapasuka, maana cheche moja katika upepo ingemaliza kambi nzima. Nilitupa kamba moja juu ya paa nikaifungia mawe huku na huku. Blanketi, unga na Biblia nikavibeba kichwani na Rehema mgongoni, nikakimbilia stoo.

Upepo wenyewe sitauelezea sana. Ulikuja na maji pamoja, hukuweza kujua kipi ni mvua na kipi ni ziwa. Mabati ya stoo yalipiga kelele hata watoto waliokuwa wanalia hawakusikika, nikawaona midomo tu. Kwenye tundu la ukuta nililiona paa langu likiinuka lote pamoja na kamba na mawe yake, likaenda. Sikulia. Nilisema tu, "Haya," na Nachela akanishika mkono. Kamba moja ya mashua ilikatika, tukaona tela linatikisika, likainuka upande mmoja kidogo, likarudi chini. Tuliendelea kuomba. Nachela si Mkristo, lakini siku ile aliitikia amina zote.

Ulipopungua, jua lilikuwa bado halijazama. Tulitoka. Ufukweni hapakuwa na mtumbwi hata mmoja, na mgunga ule ulikuwa umelala pale pale ambapo mashua ilikuwa asubuhi. Maji ya ziwa na maji ya mto yalikuwa yamekutana, bonde lote limekuwa ziwa jingine, nalo lilifika chini kidogo ya stoo yetu.

Simbeye alikuja anakimbia, nguo zimemganda mwilini. Alinipita tu, akaishika mashua kwa mikono miwili, akasema, "Fungua."

Tulivuta kizibo, maji yakatoka. Magurudumu hayakuwa na pumzi, kwa hiyo hatukuhangaika na tela. Tuliiteremsha mashua juu ya magogo, wanawake wote na Simbeye, mpaka ikaelea. Nachela akashika pondo nyuma, kwa kuwa ndiye peke yake aliyejua maji. Simbeye akakaa mbele kutazama miti iliyozama na viboko. Mimi nikaingia kuchota maji yaliyokuwa yanaingia kwenye ufa mmoja. Rehema nikamwachia mwanamke mwenzangu. Usinigombeze, Mama. Nilipokuwa naingia sikujiuliza. Katikati ndipo nilipojiuliza, na hapo kurudi kulikuwa mbali kuliko kwenda.

Tulipita juu ya mashamba ya watu. Mpunga ulikuwa chini yetu, unaonekana, umelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Madungu mengine hayakuwapo. Simbeye alikuwa anayataja kwa majina ya wenyewe kila tulipopita mahali tupu, kisha akaacha kuyataja.

Dungu lake lilikuwa limesimama, limeinama, bila paa. Nakamba alikuwa juu, amewafunga watoto kwenye nguzo kwa kaniki yake, naye mwenyewe amekumbatia nguzo ya pili. Tulipofika karibu, kabla hata hatujagusa miti, alimwita mumewe.

"Baba, ng'ombe wamepona?"

Simbeye akamjibu, "Wamepona. Shuka taratibu."

Mimi sikujua kitu. Nikashangaa tu kwamba hakugeuka kunitazama. Tulipowarudisha salama, watoto wamekunywa uji, Nakamba amelala, ndipo Nachela aliponiambia aliyoyaona alipopita zizini. Mti ulikuwa umeangukia zizi. Shaba alikufa pale pale. Simbeye alimkuta hivyo kabla hajaja kwetu mbio. Naye safari nzima alikaa mbele ya mashua ile, na habari hiyo hakuitaja.

Usiku ule sikuweza kumtazama usoni. Nilijiambia, kama nisingemwendea asubuhi, angewapeleka ng'ombe mlimani kama wenye mifugo wengine walivyofanya. Kulipokucha nikamwendea, nikapiga magoti, nikamwambia hivyo. Alikuwa anamchuna Shaba. Akaniambia, "Mama Rehema, shika huo mguu, kisu hakipiti." Nikaushika mpaka tukamaliza. Alinipa nyama, nikaipokea, na nilipoipika nilishindwa kula.

Lazaro alifika baada ya maji kupungua. Lori lilikuwa limekwama upande wa pili wa mto, akavushwa. Unajua alifanya nini kwanza? Aliizunguka mashua, akaipapasa, akainama kutazama chini. Nikasimama na mtoto mgongoni nikimtazama. Nikamwuliza, "Umemaliza kuisalimia?" Ndipo akageuka akaiona nyumba, yaani mahali palipokuwa nyumba. Akakaa chini kwenye mchanga. Hatukugombana, tulicheka wote wawili hata Rehema akaanza kulia.

Unga wetu ulilowa baadaye stooni, na mbegu zimeoza. Akipatikana mtu anayeteremka huku, naomba mbegu za maharage, zile nyekundu, na kidogo za mahindi. Si za kwangu peke yangu. Nakamba hana hata punje ya mpunga, na mwakani watalima kwa ng'ombe mmoja na ng'ombe wetu. Ndiyo, Mama, tumekubaliana na Lazaro. Yule ndama unayetutunzia huko, usimuuze. Lazaro atakuja kumchukua njia ikikauka.

Nisalimie kaka na mkewe, na mtoto asiye na jina. Nisalimie shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake kimepona, nilikifukia. Mzee wa kanisa anayepiga kengele naye nisalimie. Kaka yetu aliye kwenye machimbo ya shaba ng'ambo ya mpaka, ukipata wa kumpelekea neno, mwambie asihangaike, tu wazima. Nachela anakusalimu ingawa hakujui. Ameniuliza kama Ihanda kuna ukindu wa kusuka mikeka, nikamwambia nitakuuliza.

Nimeketi ndani ya nyumba isiyo na paa, na jua lanipiga kwenye karatasi. Fito zimekwisha kupangwa, nyasi zimeletwa. Lazaro yuko upande mmoja juu, na upande wa pili ni Simbeye, aliyekuja tangu asubuhi bila kuitwa. Sasa hivi ameinama ananiambia, "Mama Rehema, acha kuandika, nirushie kamba." Ngoja nimrushie.

Mimi binti yako anayekupenda,
Eliza, mama Rehema