Picha ya Mgongo wa Baba

Mpui, Sumbawanga
14 Julai 1996

Mpendwa kaka Teodori,

Shikamoo. Natumaini huko Tanga hamjambo, wewe, wifi Asnath na watoto. Sisi tupo. Baridi ya mwaka huu imekaza, ila mahindi tumeshavuna.

Nakuandikia hasa kuhusu Baba. Usishtuke, soma hadi mwisho.

Mwezi wa tano Fransiska, mke wa mdogo wetu Romani, aliumia mgongo akinyanyua gunia. Mama akashikilia apigwe picha ya eksirei, maana siku hizi mjini zimefunguliwa zahanati za watu binafsi, na moja ina mashine mpya. Tukapanda lori, Baba akatusindikiza.

Daktari Masunga alimpapasa Fransiska mgongo, akamwinulisha miguu, akamuuliza kama ana homa au kama mkojo unamtoka bila kujua. Akasema hapana. Akampa dawa za maumivu na kumwambia asilale tu, afanye kazi nyepesi. Picha akakataa. Mama akanuna, akidhani tumedharauliwa kwa kuwa tumetoka shamba.

Tulipoinuka, daktari alimwona Baba akijishikiza ukutani. Akamrudisha kitini. Baba akasema ni uzee tu. Kwa kuulizwa ndipo tukasikia: homa za jioni, maumivu yasiyotulia hata akilala, miguu kufa ganzi. Kwamba amekonda tuliona, tukadhani ni kazi. Yeye akaandikiwa picha palepale.

Mama akauliza kwa nini aliyeomba anyimwe, na asiyeomba apewe.

“Mama, maumivu peke yake hayatoshi,” daktari akamjibu. “Napiga picha pale jibu lake linapoweza kubadili tiba. Mgongo wa huyu binti utapona hata nisipouona. Wa mzee nisipouona, huenda asitembee tena.”

Picha ikaonyesha pingili mbili za mgongo zimeliwa. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kifua kikuu, kimeingia kwenye uti wa mgongo. Akalazwa hospitali ya serikali, akaanza dawa. Mwanzoni tulikuwa tunamgeuza kitandani. Mama alinikataza kukuandikia mpaka tujue mwelekeo.

Fransiska alishapona, na ndiye anayempikia uji. Dawa bado ni za miezi mingi. Mgongo hautanyooka, daktari hakutuficha.

Baba yuko nyumbani sasa. Jana aliinuka mwenyewe, akatoka hadi uani, akakaa juani. Akauliza unakuja lini.

Mama, Romani na Fransiska wanawasalimu nyote. Mungu ailinde nyumba yako na akufungulie njia.

Mdogo wako akupendaye,
Otilia