Nyufa Alizozifunga

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Kiti cha mume wangu bado kinatazamana na changu, sweta lake liko mgongoni mwa kiti. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Wala mimi.

Mkuu kaniita. Pole nyingi, chai, halafu kazi: nimalizie modeli ya marehemu ya kisima cha mafuta, ile ya kwenye kompyuta. Asidi itasukumwa kisimani Jumatano ya wiki ijayo, na nani anaijua kazi ya mume wangu kunizidi? Kweli. Tulikuwa tunaibishania mpaka kitandani!

Ofisi nzima inakiita kisima cha marehemu. Nabaki kutoa macho tu.

Jumanne, 4 Machi

Kwenye skrini mambo safi. Asidi inaingia kwenye mwamba wa chokaa, inaula taratibu, inatoboa vijia pande zote, mafuta yanapata pa kupita. Safi mno. Mwamba wenyewe una nyufa kama visigino vyangu — mbona asidi haipotelei humo?

Mama mkwe kapiga simu. Amealikwa kuja kushuhudia asidi ikisukumwa, ameshashonesha gauni. Anasema mwanawe hakuacha mtoto, lakini ameacha kisima. Nikaitikia: ndiyo, mama. Kisha nikaenda kulia chooni, bomba wazi wasinisikie.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeona. Ee Mungu wangu.

Kwenye modeli, nyufa ndogo zimefungwa. Zote! Ndiyo mtindo wetu siku zote: unaziba nyufa ndogo ili kompyuta isichukue siku nzima, unajaribu haraka haraka, kisha unazifungua kabla ya hesabu ya mwisho. Yeye aliziba, homa ikampanda, akawatumia wakubwa majibu hivyo hivyo, akaenda hospitali. Hakurudi. Yeye, aliyekuwa akinicheka nikisahau funguo!

Nimezifungua. Asidi ikashika ufa mmoja, ikateremka moja kwa moja mpaka kwenye maji yaliyo chini ya mafuta. Mwamba haukuguswa. Wakisukuma asidi, kisima kitatoa maji matupu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudia. Vilevile.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwa mama mkwe kumwambia. Akalivaa gauni nilione. Zambarau. Linampwaya, amekonda sana tangu msiba. Akageuka, akauliza kama pindo limekaa sawa. Nikapiga magoti, nikalinyoosha. Limekaa, mama. Maneno yote niliyoyapanga njiani nikarudi nayo nyumbani. Ukutani mwanawe anacheka na kofia yake ya kazini.

Nikinyamaza, kisima kinakufa. Nikisema, watabaki kusema marehemu aliboronga, na mama hana kingine alichobakiwa nacho. Nimemkasirikia mume wangu leo. Ndiyo, nimemkasirikia mtu aliye kaburini! Si angelala tu na homa yake, kazi akaniachia mimi?

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya mlango wa mkuu. Wakubwa wako ndani.

Nimewaonyesha yote. Asidi ikateremka kwenye ule ufa mbele ya macho yao. Mmoja akauliza nani alizifunga nyufa hizi.

Nikasema ni mimi. Nilizifunga nikimsaidia marehemu, nikasahau kumwambia. Sauti haikutetemeka, nashangaa mwenyewe. Mkuu alinitazama weee — ananijua mimi, na alimjua yeye. Akaniambia nisubiri nje.

Shughuli ya kesho imeahirishwa. Sijui nani kamwambia mama mkwe, maana sijakaa vizuri simu ikalia. Hakunisalimu. Eti mwanawe aliniachia kitu kizima, nimekivunja. Eti hata kumtunzia kazi yake nimeshindwa, na mtoto sikumpa. Nikasema nisamehe, mama. Akakata.

Inauma. Sikujua itauma hivi. Ningeweza kumpigia sasa hivi nimwambie ukweli, maneno matatu tu, na nisingekuwa nimemwonea mtu.

Nimelichukua sweta kitini kwake, nimelivaa. Shingoni bado kuna harufu yake, kidogo.

Mlango umefunguliwa. Mkuu hanitazami, ananiita kwa mkono tu. Na simu inalia tena — mama —