Jumapili Unakula Wapi?

Barra Honda, Jumatatu 6 Machi 2017

Mwanangu Nereida,

Salamu nyingi. U mzima? Kifua kimepona? Ile dawa unakunywa, au umeitupa chini ya kitanda kama kawaida yako? Huku sisi wazima, isipokuwa goti langu. Mjomba wako Chencho ni mzima kupita kiasi, anaimba tangu asubuhi mpaka natamani kumvika sufuria kichwani.

Utashangaa kuona karatasi. Usinipigie tena simu wala usinitumie ujumbe. Watu wa Mashoto, yule mkuu wa genge, wameweka kizuizi darajani na kila anayepita anatoa simu isomwe. Juzi kwenye simu ya Lucio, yule fundi wa mashua, walikuta neno moja tu la kuwatukana. Walimvunja vidole vyote kumi kwa nyundo yake mwenyewe, kimoja kimoja, mkewe akitazama. Kwa hiyo barua zetu zitapita kwa mzee Fidencio, kwenye lori lake la barafu. Barafu hawaipekui, inawauma mikono.

Sasa sikiliza vizuri, maana masikio yako nayajua. Mashoto amefungua banda lake la chakula hapa ufukweni, lile lenye vigae na muziki wa kupasua ngoma za masikio. Wanaliita Banda Jipya. Ametoa amri kwamba hoteli zote za mjini zipeleke wageni kwake. Sisi wengine wenye mabanda tukipenda tupike, lakini ni marufuku kusimama barabarani na kupungia magari leso ili yasimame. Jirani yetu Petra alipunga leso Ijumaa. Jumamosi banda lake lilikuwa majivu, na walimning'iniza mbwa wake palipokuwa mlango.

Wewe ndiye unayekaa mapokezi, wewe ndiye unayeulizwa "tule wapi?" Ukiulizwa, sema Banda Jipya. Jina langu usilitaje hata ukiota. Umenielewa?

Mama yako,
Eufrosina


Acapulco, Alhamisi 9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona, na dawa niliimaliza, cheka utakavyo. Mjomba msalimie, mwambie hata huku nyimbo zake zinatufikia.

Barua imefika nusu imelowa, lakini nimeisoma yote. Na wao wamefika pia. Jana mwanamume mmoja mwenye shati safi alikuja mapokezi, akaweka risasi juu ya daftari la wageni, akaisimamisha wima. "Dada, wageni wakiuliza chakula utasemaje?" Nikasema, Banda Jipya. "Mbona umenuna? Sema tena, ucheke." Nikasema tena, nikacheka. Risasi akaiacha pale pale, eti ya ukumbusho. Meneja alipoiona aliifunika kwa gazeti.

Basi nasema, Mama. Kila anayeuliza namwambia hivyo. Lakini roho inaniuma. Samaki wao anatoka kwenye friza, wanampaka mayonesi ya chupa, halafu wanamchoma kwa gesi. Kwa gesi, Mama! Mtu ametoka Toluca na watoto wake, saa sita barabarani, halafu mimi namtuma akale kitu kile. Naona haya.

Mwanao,
Nereida


Barra Honda, Jumatano 15 Machi

Nereida,

Marahaba. Vizuri, endelea hivyo hivyo. Aibu haiui mtu, risasi inaua.

Leo kwetu wamekula watu watatu: mimi, Chencho, na padri aliyekuja kubariki wageni akakuta hakuna wa kubarikiwa. Chencho hataki kusikia. Kila asubuhi anapasua samaki wake wekundu kama vile ni wiki ya Pasaka, anasaga pilipili, anawasha kuni za mkoko, halafu jioni anagawia majirani. Namwambia apumzike. Ananijibu atapumzika akifa. Nikamwambia basi afanye haraka, maana kuni zinakwisha. Tulicheka mpaka goti likaniuma.

Kula vizuri.

Mama yako


Barra Honda, Jumanne 21 Machi

Nereida,

Sikusalimu. Ulisema nini?

Jumapili saa nane mchana gari la watu wa Toluca lilisimama mbele ya banda letu. Mume, mke na binti zao wawili. Yule mke akashuka anacheka, akapaza sauti ya kusikika mpaka majini: "Hapa ndipo kwa mama yake yule dada wa mapokezi?" Watu wawili wa Mashoto walikuwa kwa jirani wanakunywa soda. Nikasema mimi sina binti. Umesikia? Nilikukana mbele ya watu.

Walingoja familia ile iondoke. Kisha wakaja saba, na Mashoto mwenyewe. Wakamshika Chencho, wakamuuliza nani anatuletea wageni. Akasema, "Mimi. Nilikwenda barabarani nikapunga leso." Walijua anadanganya. Wakamlaza uso kwenye wavu wa kuchomea, makaa yakiwa mekundu, wakamuuliza tena. Akasema, mimi. Mara tatu, Nereida. Mara ya tatu hakuwa na midomo ya kusemea, akainua mkono tu na kuupunga, kama mtu mwenye leso. Mashoto akachukua panga letu la kupasulia samaki, akamkata shingo kwa ule mkono wake wa kushoto. Akalisuuza panga kwenye ndoo yetu, akalitundika mahali pake.

Mimi nilikuwa nimeshikwa nywele ili nisigeuze uso.

Tumemzika jana. Usithubutu kuja. Nijibu tu ulisema nini.

Eufrosina


Acapulco, Alhamisi 23 Machi

Mama,

Shikamoo, hata kama hutaki kuipokea.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Yule mke aliniuliza wale wapi. Nikasema Banda Jipya, nikacheka kama nilivyofundishwa. Mumewe akaandika. Walipokuwa wanaondoka, mke akageuka akaniinamia kwenye meza, akanong'ona kama dada yangu: "Niambie kweli. Wewe mwenyewe, Jumapili unakula wapi?"

Mama, nikasema, "Kwa mama yangu."

Sikufikiri. Ingekuwa ameniuliza jina langu ningeweza kumdanganya. Nani aliyekulia Barra Honda akaulizwa Jumapili anakula wapi akataja jiko la mtu mwingine? Hata mtoto anayenyonya hatataja. Akaniuliza liko upande gani, na mimi nilikuwa tayari nimeanza kumchorea njia nyuma ya karatasi, nikiona raha. Nikiona raha, Mama. Nilichora mpaka ule mti wetu wa mlozi.

Nimemuua mjomba. Ndiye aliyenibeba begani nilipong'atwa na nge, akakimbia nami mpaka kwa daktari bila viatu. Nimemuua kwa sababu ya kujivunia samaki. Nipige, nitukane, lakini niandikie.

Nereida


Barra Honda, Jumatano 29 Machi

Nereida,

Kuhusu hayo ya kusamehe, sijui. Usiniulize bado. Naamka na hasira, nalala nayo. Kuna jambo kubwa zaidi.

Mashoto sasa anakula kwangu. Ndiyo, huyo huyo. Ameona gesi yake haina ladha. Jumapili saa nane kamili alikuja na watu wanane, akakaa kwenye kiti cha Chencho karibu na maji, akaagiza samaki wa kupasuliwa, pilipili upande mmoja. Nilimchomea kwenye wavu ule ule. Nilipomwekea mezani hakugusa. Anaogopa nisije nikamtilia sumu ya samaki bunju. Akavuta kiti, akasema, "Kaa mama, anza wewe." Nikamega, nikala mbele yake. Ndipo na yeye akala, akalamba vidole, akasema marehemu alikuwa na mkono mzuri lakini mimi namshinda, na kila Jumapili saa nane nimngoje. Nilimeza tonge lile, Mungu ndiye anajua lilivyopita.

Wakati wa kuondoka akaniuliza, "Binti yako hajambo?" Nikasema sina binti. Akacheka. "Huyo usiye naye, baada ya Pasaka nitamchukua akapokee wageni nyumbani kwangu." Mabinti watatu walishakwenda kupokea wageni katika nyumba ile, na watatu wote walitolewa mtoni. Wa mwisho alikuwa mjukuu wa Petra, nilimsaidia kumwosha. Sitakuandikia tulichokiosha.

Ondoka hapo hotelini. Nenda popote. Usikae ukamngoja kwa sababu ya mimi.

Mama yako


Acapulco, Jumatano 5 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sitaondoka nikuache hapo, kwa hiyo usipoteze wino.

Katika chumba namba kumi na mbili yuko mgeni, mtu mpole, ana pete ya ndoa, taulo zake anazikunja mwenyewe. Siku mbili za kwanza aliniuliza ale wapi, nikamwambia Banda Jipya, akashukuru. Jana alikuja kwenye meza akasema, "Pole kwa msiba wa mjomba wako. Sisi ni watu wa ng'ambo ya mto. Sitaki chakula, dada. Nataka kujua Mashoto anakula wapi."

Safari hii nilijua ninachosema. Nikamwambia: Jumapili, saa nane kamili, kiti cha karibu na maji. Nikamchorea njia.

Najua hao mahasimu wake nao si watu wema, Mama. Lakini wanamtaka yeye, na mimi nataka afe. Watakuja Jumapili hii ya Matawi, kwa mashua mbili. Kwa hiyo wewe usiwepo. Jumamosi nenda kwa shangazi kule Ometepec, sema ni mgonjwa, sema amekufa, sema lolote. Wageni wote watakaoniuliza Jumapili nitawatuma upande wa pili wa ghuba, pasiwe na mtu asiye na hatia pale. Nijibu kwa mzee Fidencio nijue umeondoka. Nakuomba. Nakupigia magoti.

Mwanao,
Nereida


Barra Honda, Jumamosi 8 Aprili

Mwanangu Nereida,

Marahaba, marahaba mara nyingi, na zile zote nilizokunyima uzihesabu hapa.

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimemwambia mzee Fidencio hii asikupe mpaka kesho jioni, nimemwapisha kwa Bikira Maria na kwa mkewe, na yeye humwogopa mkewe zaidi. Kwa hiyo unapoisoma yamekwisha. Usimgombeze.

Siendi Ometepec. Fikiri kidogo, we mtoto. Asiponiona jikoni, atakaa? Atajua papo hapo. Atageuza gari, na kabla ya saa kumi atakuwa hapo mapokezi kwako. Mtu yule hatulii mpaka mimi nikae, na hali mpaka mimi nimeze. Basi nitakaa, nitameza. Nitamchagulia samaki mkubwa mwenye miiba mingi ili mdomo wake uwe na kazi.

Watoto wa majirani nimewapeleka kanisani na matawi yao, Petra atawazuia huko mpaka jioni. Nguo nimefua. Panga nimelinoa, nitaliweka chini ya kitambaa cha meza upande wangu, endapo hao mabwana zako wa mashua watachelewa. Usinicheke. Nimepasua samaki miaka arobaini.

Na lile jibu lako kwa mwanamke wa Toluca. Nimelichukia jibu lile kila siku, kisha usiku wa jana nikajiuliza: je, kama ungetaja jiko la mtu mwingine? Haki ya Mungu ningekuja hapo hotelini kukuzaba kofi. Ulijibu sawa. Makosa ni ya waliochinja, si yako. Nimekusamehe, na Chencho hakuwahi hata kukasirika, namjua ndugu yangu.

Panda basi la kwenda mbali. Pilipili ikaange kavu kabla ya kuisaga, wewe huwa una haraka. Vaa kitu cha kufunika kifua.

Mama yako anayekupenda,
Eufrosina


Kituo cha mabasi, Jumatatu 10 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo.

Mzee Fidencio alinipa barua yako jana jioni, analia. Nilimpiga, Mama. Nilimpiga mzee wa watu kwa ngumi kifuani na yeye akasimama tu. Kisha akanieleza aliyoyaona.

Alisema mashua zilichelewa. Alisema Mashoto alisikia injini, akaanza kuinuka, na wewe ukamshika shati ukamwambia, "Kaa, baba, samaki anapoa." Alipokusukuma ukatoa panga. Ule mkono wa kushoto uliukata pale kwenye kiwiko, kwa pigo moja, na hao wa mashuani walipofika wakamkuta ameketi anautazama mkono wake kwenye sahani. Wakammalizia hapo, yeye na sita wengine. Wawili wametoroka, nao wananitafuta, ndiyo maana siji kukuzika. Risasi iliyokupata wewe hakuna ajuaye ni ya upande gani. Mzee anasema tonge lilikuwa bado mkononi mwako.

Barua hii ataiweka mikononi mwako kabla ya kufunika jeneza. Amekulaza kwenye barafu yake, Mama, barafu yote ya leo. Mabanda mengine hayakupata hata donge, na hakuna aliyelalamika.

Basi langu linaondoka sasa hivi. Nimefunika kifua. Hapa kwenye benchi pameketi familia iliyoshuka muda huu kwa likizo ya Pasaka, wana maboya na kofia za majani. Yule mama akanitazama, akasema, "Dada, unaonekana mwenyeji. Wapi hapa mtu anapata samaki mzuri?"

Nikasema, "Kwa mama yangu, Barra Honda."

Akafurahi, akamwita mumewe aandike. Akaniuliza kama leo kuko wazi. Nikamwambia leo wamefunga.

Mwanao,
Nereida